Hesabu ya Jioni

Saa kumi na nusu tunachuchumaa uani, watano watano,
askari anapita na kalamu: tano, kumi, kumi na tano.
Miaka sita nahesabiwa hivi hapa Karanga,
kama mikungu ya ndizi soko la Mbuyuni,
nami sijawahi kuhesabu kitu
ila siku.

Kisha akaja Bi Aikande wa ustawi wa jamii,
kila Jumatano, na chaki zake, na viatu vyenye tope la Kibosho.
Hakuleta mahubiri. Mahubiri tunayo ya kutosha.
Aliandika ubaoni, herufi kubwa kubwa za chekechea:
Hasira yako huanzia wapi mwilini?

Tukacheka. Kicheko cha wanaume sitini chini ya bati
hulia kama mvua ya mawe.
Lemburis akasema kwake ni masikioni,
huwaka kana kwamba kamwagiwa jivu la moto.
Mzee Shafuri, nyapara wetu, akasema magotini.
Kijana wa Pasua, yule wa pikipiki, akasema, mimi sina hasira,
na ngumi amezikunja.

Mimi nilinyamaza hadi Jumatano ya tatu.
Menoni, nikasema.
Hushikana kama mlango uliokwama kitasa.

Akaniuliza: na kabla ya meno?

Hasira hasara, naijua tangu darasa la pili,
ilikuwa kwenye kanga ya mama, ile ya kufunikia ndizi za mbege.
Methali haijawahi kunishika mkono.
Usiku ule wa zamu yangu ya maji
nilikuta mfongo umezibwa kwa magome ya mgomba,
maji yote yanacheka upande wa Anaeli,
ndugu yangu, ziwa moja.
Kabla ya meno palikuwa na kitu kooni,
kidogo, kama punje ya ulezi.
Kumbe kilikuwa kilio.
Sikukijua. Nikashika jembe.

Anaeli siku hizi hutembea kwa mkongojo.

Basi tunajifunza kupumua, watu wazima na ndevu zetu:
vuta kwa nne, shika kwa nne, toa kwa sita.
Mzee Shafuri husinzia akifika kwenye tano.
Bi Aikande humwacha.

Juzi karakanani kijana wa Pasua alimwaga gundi
juu ya ngozi niliyokwisha kuikata,
jozi nne za viatu vya shule.
Akacheka, au nilidhani kacheka.
Shazia ilikuwa mkononi.
Moja. Punje hii hapa, kooni.
Mbili. Meno yanatafutana.
Tatu.
Sitasema uongo, ya nne sikuifikia.
Nilitoa tusi ambalo hata Lemburis aligeuka.
Lakini shazia ilikuwa mezani tayari,
sijui niliiweka saa ngapi,
mkono ulinitangulia.

Nilipomsimulia, Bi Aikande hakupiga makofi.
Alipangusa chaki kwenye sketi, akasema,
"Tatu si haba."

Usiku ule ule niling'oa na masale ya mpakani.
Nyumbani, anayeomba radhi hupeleka jani la sale lililofungwa fundo,
na anayeletewa hawezi kulitupa hivi hivi.
Humu ndani sale halioti.
Nimekata moja kwa mabaki ya ngozi nyeusi,
refu, jembamba, nimelifunga fundo.
Liko chini ya godoro.
Sijalituma. Sijui kama ngozi huhesabika.

Leo jioni askari kapoteza hesabu,
kaanza upya: tano, kumi,
na magoti yanauma, na baridi ya mlimani imeshashuka.
Nikavuta kwa nne.
Mbele yangu amechuchumaa kijana wa Pasua, asiye na hasira.
Nikayatazama mabega yake chini ya ile sare ya rangi ya chungwa:
yakapanda,
yakatulia,
yakashuka polepole. Nikahesabu.
Sita.